Kule mulikuwa bengi

Kila mwaka mwalimu akitoa TP juu ya kompyuta na intaneti, karatasi nyingi za kitivo chetu huanza na sentensi moja: "Intaneti ina faida na hasara." Mimi mwenyewe niliiandika nilipokuwa mwaka wa kwanza. Nikaorodhesha faida tano, hasara tano, nikamaliza kwa kuwashauri vijana waitumie vizuri, nikapata 14 juu ya 20. Leo naona alama zile sikuzistahili. Niliandika juu ya "vijana" kana kwamba mimi ni mzee wa miaka sabini, na juu ya intaneti kana kwamba ni mvua inayonyesha upande mwingine wa mji.

Safari hii naandika juu ya intaneti ninayoijua, ile iliyomo ndani ya simu yangu, na juu ya jambo nililolitenda kwa simu hiyo.

Promosyo yetu ina kikundi cha WhatsApp kama promosyo zote. Humo ndimo CP anamotangaza saa za masomo, humo tunagawana kurasa za silabusi zilizopigwa picha, humo tunachanga pesa mwenzetu akifiwa. Asiye na mega hachelewi kujuta: somo linahamishwa usiku, naye asubuhi anafika kwenye oditwari tupu. Basi siku moja, mwaka jana, msichana mmoja wa promosyo yetu alituma sauti ya dakika mbili akieleza TP ya kundi lake. Alijitahidi kusema Kiswahili sanifu, kwa kuwa mwalimu alikuwa ametuagiza hivyo. Lakini amezaliwa Katuba, na katikati ya maelezo likamtoka neno la nyumbani: "kitabu yetu."

Msomaji wa gazeti hili anajua habari hiyo. Kiswahili cha Lubumbashi kina namna yake ya kupatanisha maneno, na namna hiyo si kosa la mtu mmoja. Ni lugha ya mji mzima, na wataalamu kama Johannes Fabian wamekichunguza na kukiandikia vitabu. Sisi wenyewe tunakisema mara tunapovuka mlango wa oditwari. Lakini mwenzetu mmoja alikata sekunde zile nne, akazirudisha kikundini peke yake bila maneno mengine. Nami nikaandika chini yake: "Wapendwa, tufungue kitabu yetu, ukurasa ya kwanza." Niliona ni mzaha mzuri. Nyuso za kucheka zikaanza kuingia. Zilifika 31. Nakiri kwamba nilizihesabu mara mbili.

Mzaha ulidumu siku tatu, kisha tukausahau. Yeye hakuusahau. Usiku wa siku ya pili alitoka kikundini. Kuondoka kwake nako kukachekwa. Toka hapo hakufungua kinywa tena katika semina. Asistenti alimwuliza swali mara mbili, naye mara zote mbili akatazama meza. Mwisho wa muhula akapewa alama ndogo, kwa sababu hakushiriki.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningeyasema maneno yale mbele yake. Jibu ni hapana. Si kwamba mbele ya watu mimi ni mwema zaidi. Darasani mtu akikosea tunacheka pia, lakini kicheko chetu kinadumu kitambo kidogo tu. Mtu yule anageuka, tunaona uso wake umebadilika, mmoja wetu anakohoa, mwingine anaanza habari nyingine. Uso wake ndio unaotufunga midomo. Katika Kiswahili chetu tunasema mtu "anasikia haya", na naliona neno hilo limechaguliwa vizuri: haya huja kwa mtu kutoka nje yake, kama sauti, na ili uisikie lazima uwe karibu. Kikundini sikuwa karibu na mtu yeyote. Nilikuwa nimelala kitandani, mwanga umezimwa, mbele yangu kuna kioo kidogo na hesabu inayopanda.

Mwanasaikolojia Mmarekani John Suler aliandika juu ya jambo hili mwaka 2004. Alionyesha kwamba watu wakiwa kwenye intaneti hulegeza vizuizi vinavyowashika wanapokuwa ana kwa ana, na akataja sababu kadhaa: hawaonani, hawajibiani papo hapo, na mara nyingi hawajulikani majina. Nikisoma sababu hizo naona kwamba hata moja yao inatosha. Kikundini kwetu majina yote yanajulikana. Nambari ya kila mtu iko wazi. Kesho yake tutaketi benchi moja. Hakuna aliyejificha. Kilichokosekana ni macho tu.

Lakini Suler alisema jambo la pili ambalo TP zetu hulisahau. Mlango uleule unaotoa matusi hutoa pia siri, upole na machozi. Hilo nalo nimeliona. Kuna rafiki yangu, kijana mkimya sana, ambaye katika miaka mitatu hajawahi kuniambia neno juu ya nyumbani kwao. Usiku mmoja, baada ya saa sita, alianza kuniandikia. Aliandika mpaka saa nane: mshahara wa baba yake uliokosekana miezi mingi, wadogo zake waliorudishwa kutoka shuleni, wazo lake la kuacha masomo na kwenda kuchimba madini. Asubuhi tulikutana chini ya miembe. Akanisalimu, "Jambo, yaya," akauliza kama nina kalamu ya kumwazima. Hatukutaja lolote la usiku. Bila simu ile nisingejua kamwe, wala tusingechanga pesa za kumlipia minerval. Kwa hiyo sikubaliani na mzee wa jirani yetu anayesema simu zingetupwa zote mtoni. Anayesema hivyo hajamfikiria mtu ambaye uso wa mwenzake unamfunga mdomo hata pale anapohitaji msaada.

Jambo hili ni la zamani kuliko simu zetu, na hata kuliko intaneti yenyewe. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum alitangaza programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Haikuelewa kitu. Ilitafuta neno fulani katika sentensi ya mtu, ikaligeuza kuwa swali, ikamrudishia, mfano wa daktari wa akili anayemsikiliza mgonjwa. Ukiandika kwamba una huzuni, inakuuliza habari za huzuni hiyo. Ukimtaja mama yako, inakuomba useme zaidi juu ya jamaa yako. Katibu wa Weizenbaum alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, akijua vizuri kwamba ni mashine. Akaanza kuandikiana nayo, na baada ya sentensi chache tu akamwomba bwana wake atoke chumbani awaache. Weizenbaum alisimulia hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976, na inaonekana hakuacha kuyahangaikia. Alishtuka kuona jinsi maneno matupu, bila uso nyuma yake, yanavyoweza kumfungua mtu mwenye akili timamu.

Sisi wa lugha tuliangalie pia jina la programu hiyo. Eliza ni yule muuza maua katika tamthilia ya Bernard Shaw, Pygmalion, msichana anayefundishwa kutamka Kiingereza cha mabwana ili apite kati yao bila kutambulikana. Nilipojua hivyo nilifunga kitabu kwa muda. Nilikuwa nikitafuta habari za kompyuta, nikamkuta msichana anayepimwa kwa matamshi yake.

Huenda mtu ataniambia kwamba ninaipa simu makosa ya watu. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, nchi yetu iliwahi kutufanyia jaribio ambalo chuo chochote kingeogopa kulifanya. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa nchi nzima, na ujumbe mfupi wa simu pia. Vilirudi baada ya siku kama 20. Sauti ya simu peke yake ndiyo iliyobaki. Sitazungumza juu ya siasa ya jambo hilo. Mengi yameandikwa, na kumnyima mwananchi habari wakati kura zinahesabiwa ni jambo ambalo halitetewi. Nataka kusema yale niliyoyaona nyumbani kwetu nikiwa na miaka 16.

La kwanza ni salamu za mwaka mpya. Miaka iliyotangulia, usiku wa tarehe 31 simu zilijaa picha za maua na maombi marefu ambayo mtumaji hakuyaandika wala mpokeaji hakuyasoma. Mwaka ule hayakuja. Asubuhi baba alivaa suti, akatuchukua sisi watoto, tukatembea kutoka nyumba hadi nyumba. Tuliketi, tukapewa soda, tukaulizwa darasa. Mahali pengine tulikuta watoto ambao hatukujua kwamba wamezaliwa. Bibi mmoja wa ukoo wa baba alipiga makofi polepole kwa heshima, magoti yamekunjwa, kama wanavyofanya wazee wa kwetu, na mimi niliyemtumia maua mwaka mzima wa 2018 sikujua namna ya kumjibu. Dada yangu alinisukuma kwa kiwiko nipige yangu.

La pili si zuri. Kaka yetu mkubwa alikuwa akifanya kazi Afrika Kusini, na kila Jumapili mama alimwona usoni kwa simu. Siku zile 20 hakumwona. Kumpigia kwa kawaida kulikuwa ghali, dakika mbili, "Uko mzima? Umekula?", pesa imekwisha. Mama hakukosa habari zake, maana walisikizana mara tatu. Alikosa kumwona amekonda au hakukonda. Alilala vibaya wiki nzima. Kwa hiyo mtu akiniambia intaneti inavunja jamaa, namkumbuka mama ameshika simu isiyofunguka.

La tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Uvumi haukukatika. Radio trotwari ilifanya kazi mchana na usiku: kwenye bomba la maji, ndani ya basi, kwa mwuza mkate. Wale wenye jamaa mpakani walileta habari zilizopatikana kwa kadi za simu za nchi jirani. Lakini uvumi wa mdomo ulikuwa na kitu ambacho uvumi wa simu hauna: mwenyewe. Mtu akisema "Banasema fulani ameshinda", aliyekaa karibu anauliza palepale, "Nani amesema?" Naye hana budi kujibu: shemeji yangu, dereva mmoja, mtu niliyemsikia sokoni. Akishindwa kujibu, anachekwa yeye. Katika lugha nyingi za dunia kuna viambishi vinavyomlazimisha msemaji aonyeshe kama ameona mwenyewe au ameambiwa. Tulijifunza hayo mwaka wa pili. Kiswahili hakina viambishi hivyo. Kina jirani anayeuliza "Nani amesema?", na kazi inafanyika. Ujumbe unaosukumwa kutoka kikundi hadi kikundi hauna wa kuulizwa. Wenye WhatsApp wenyewe walilazimika kulitambua hilo: mwaka 2018 waliweka alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa tu, baada ya uvumi wa simu kuhusishwa na mauaji ya watu wasio na hatia huko India, na Januari 2019, siku chache baada ya intaneti yetu kurudi, walipunguza idadi ya watu au vikundi unavyoweza kusambazia ujumbe kwa mara moja, ikawa mitano tu kwa dunia nzima. Hawakumbadilisha moyo mtu hata mmoja. Walibadilisha umbo la chombo, wakitumaini tabia ifuate.

Kuhusu upweke, ambao walimu wetu huupenda sana katika mada za mitihani, nitasema kidogo tu. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyumba 73 za Pittsburgh, watu 169, waliopewa kompyuta na intaneti. Waliotumia intaneti zaidi walipunguza mazungumzo ya nyumbani, na upweke wao ulizidi. Habari hiyo ilienea kila mahali, na bado inaendelea kunakiliwa. Wachache wanasoma makala yao ya mwaka 2002: walirudi kuwafuatilia watu walewale wakakuta madhara mengi yamefifia, na katika kundi jipya walilolichunguza, mtu mchangamfu alipata faida kwa intaneti, lakini mtu mkimya, mwenye kujitenga, alizidi kuumia. Chombo kimoja, watu wawili, matokeo mawili. Ndiyo maana sipendi tena kuandika "intaneti inafanya hivi".

Narudi Katuba. Miezi minne baada ya mzaha wangu nilikwenda nyumbani kwa yule msichana. Nilikuwa nimejaribu kwanza kumwandikia. Niliandika na kufuta kwa siku nyingi, na hilo nalo ni ajabu, kwamba mzaha ulinichukua sekunde kumi na msamaha ulinishinda wiki mbili. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti, akarudi kwenye mahamri yake. Msichana akaja, akaketi mbali. Nilisema niliyokuja kusema, macho chini. Hakujibu upesi. Kisha akauliza:

"Juu ya nini haukusema vile kule mu groupe?"

Nikamwambia niliona ni vizuri kuja mwenyewe.

"Kule mulikuwa bengi," akasema. "Hapa uko weye moja."

Sikuelewa mara moja kama ananishukuru au ananilaumu. Nilielewa njiani. Nilimkosea mbele ya watu karibu mia, nikaja kujirekebisha mbele ya mama yake na sufuria ya mafuta. Nilikuwa nimechagua tena mahali pepesi kwangu. Usiku ule niliandika kikundini, kwa jina langu, kwamba maneno yale yalikuwa yangu, kwamba sikufanya vizuri, na kwamba "kitabu yetu" ndivyo nilivyosema mimi pia asubuhi ileile dukani. Nyuso zilizokuja safari hiyo zilikuwa nne.

Kuna jambo moja ambalo simu haina hatia nalo, na lazima nilitaje hata kama walimu wetu hawatalipenda. Kicheko kile hakikuzaliwa ndani ya simu. Simu ilikibeba tu, ikakiongezea mwendo, ikatuondolea ule uso ambao ungekisimamisha. Kilizaliwa darasani, mahali ambapo tunafundishwa kwa muda wa saa mbili kwamba Kiswahili cha mji wetu ni lugha yenye sarufi yake, na saa ya tatu tunakatwa alama kwa kukisema, bila mtu kutueleza kwamba sanifu ni kwa ajili ya kazi fulani na cha nyumbani ni kwa ajili ya nyingine. Mwanafunzi aliyezoea kuona lugha ya mama yake imepigwa mstari mwekundu hahitaji kusukumwa sana ili amcheke mwenzake.

Kwa hiyo ombi langu kwa CP na kwa wenzangu ni dogo: sauti ya mtu isikatwe wala isitoke kikundini pasipo ruhusa yake, na anayetaka kumsahihisha mwenzake lugha amfuate chini ya miembe. Kwa maasistenti: mwanafunzi aliyekuwa akisema na sasa amenyamaza, mwulizeni nje ya semina kabla ya kuandika alama. Na kwa wale wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo: kila usiku Kiswahili cha Lubumbashi kinaandikwa katika simu za mji huu kwa wingi ambao hakijapata kuandikwa tangu mji huu uwepo, nasi tunaendelea kuhesabu viambishi katika riwaya zilezile.

Yeye hajarudi kikundini. CP humpigia simu somo likihamishwa. Wiki iliyopita tuligawanywa upya kwa ajili ya TP ya fasihi simulizi, nikamwuliza kama atakubali tuwe kundi moja, na kama atakubali kusoma sehemu ya kwanza mbele ya darasa. Alisema atafikiri. Nilimwuliza uso kwa uso, na nikasubiri hapo.